Kuponi ya Gramu 25: Historia ya China Kutoka Soko la Vikorokoro

Shikamooni wazee wangu. Walimu, wanafunzi na ndugu zangu wote mliofika jioni hii, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie historia ya China ya karne ya 20. Vitabu vyake vipo, na vizuri vipo, sikuja kushindana navyo. Nimekuja na vitu ambavyo havikutengenezwa ili vidumu: karatasi za kununulia chakula, beji za kubandika kifuani, kikombe cha enameli kilichobanduka rangi, kijitabu kilichokatwa ukurasa. Vyote nimevipata kwenye masoko ya vikorokoro ya Beijing, vimetandazwa chini juu ya turubai pamoja na vifungo vya mashati, funguo zisizo na kufuli na miwani ya watu waliokwisha kufa. Nilianza kuvinunua nilipokuwa masomoni kule, na mpaka leo sijaacha.

Nitasema mapema ninachoamini, ili mnisikilize huku mnanipima. Kitu kilichotolewa na dola husema mara mbili. Husema mara ya kwanza siku kinapotoka kiwandani, na hapo husema kile walichotaka wakubwa. Kisha kinapita mikononi mwa watu. Kinakunjwa, kinafichwa, kinakwaruzwa, kinakatwa kwa wembe, na hapo kinasema tena. Kauli ya kwanza mtaikuta maktaba. Ya pili iko sokoni, na kwa China ya miaka ile mimi naiamini zaidi hiyo ya pili.

Soko mashuhuri kuliko yote ni Panjiayuan, kusini-mashariki mwa Beijing, karibu na barabara ya mzunguko wa tatu. Lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990, watu wakiuza vyombo vya nyumbani kando ya njia. Mwisho wa wiki biashara huanza kabla hakujapambazuka. Wanunuzi wenye uzoefu hufika na tochi, wanachutama, wanamulika, hawasemi sana, maana ukionyesha hamu bei inapanda. Yapo na masoko mengine. Kwa miaka mingi watu wa sarafu, stempu na kuponi walikuwa wakikutana kwenye uwanja wa hekalu la Baoguo, upande wa magharibi wa mji. Lakini Panjiayuan ndiko kwenye mchanganyiko, na mchanganyiko ndio ninaoutafuta mimi.

Mtu atauliza, vitu vya watu vilifikaje pale? Njia zilikuwa mbili kubwa. Ya kwanza ni ubomoaji. Katika miaka ya 1990, na hasa kabla ya Olimpiki ya 2008, mitaa ya kale ya Beijing ilivunjwa mmoja baada ya mwingine, familia zikahamishiwa kwenye maghorofa ya pembezoni, na usipohamia na kabati la babu, kilichokuwa ndani ya kabati hubaki kwa muokota taka. Njia ya pili ni viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vingi vya serikali vilifungwa au kuuzwa, na makumi ya mamilioni ya wafanyakazi wakapunguzwa. Kiwanda cha Kichina cha enzi zile kilikuwa na shule, zahanati, bwalo la chakula na ofisi yenye majalada ya kila mfanyakazi. Kilipofungwa, karatasi zote zile ziliuzwa kwa kilo. Muokota taka akachambua, akagundua kwamba baadhi ya karatasi zina bei kuliko uzito wake, na hapo ndipo historia ikapata duka.

Naanza na sarafu hii, kwa sababu ndiyo kitu cha kwanza ambacho muuzaji atakuwekea mkononi. Ni ya fedha, gramu 26 na kidogo, na ina kichwa kikubwa cha Yuan Shikai, jenerali aliyeshika urais baada ya ufalme wa Qing kuanguka. Ilianza kutolewa mwaka 1914. Mwishoni mwa 1915 Yuan alijitangaza mfalme, Machi 1916 akalazimika kuuacha ufalme, na Juni mwaka huohuo akafa. Sarafu yake ikaendelea kutembea sokoni zaidi ya miaka 30 baada yake. Ili kuelewa kwa nini, tazameni bunda la noti linalokaa siku zote pembeni ya sarafu kwenye turubai lilelile. Agosti 1948 serikali ya Chiang Kai-shek, aliyekuwa akipigana na Wakomunisti na akashindwa, ilileta noti mpya, yuan ya dhahabu (yuan hapa ni jina la hela ya China, si la jenerali), moja ikibadilishwa kwa milioni tatu za zamani. Raia wakaamriwa wapeleke benki dhahabu, fedha na dola zao zote. Haukupita mwaka, zikachapwa noti za yuan milioni moja. Huko Xinjiang, benki ya jimbo mwaka 1949 ilitoa noti moja yenye thamani ya yuan bilioni sita. Familia iliyofukia sarafu za Yuan chini ya sakafu ilibaki na kitu. Familia iliyotii amri ilibaki na makaratasi. Wanahistoria hubishana sana kwa nini Chiang aliipoteza China, na sababu ni nyingi, za vita na za siasa. Lakini mfanyabiashara wa Shanghai aliyeshika bunda la noti zile asubuhi asijue litanunua nini jioni hakuhitaji sababu nyingine.

Sarafu hupimwa kwa kuishika katikati kwa ncha za vidole viwili, kupuliza ukingoni kwa nguvu, kisha kuipeleka haraka sikioni. Ya kweli hutoa mlio mwembamba unaokawia. Naogopa siku hizi hata za bandia zinalia, kwa hiyo msitegemee sikio peke yake.

Sasa niingie kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote. Ni karatasi hii, ndogo, inaingia kwenye kiganja cha mtoto. Ni kuponi ya nafaka ya mji wa Shanghai, ya nusu liang. Liang moja ni gramu 50, basi hii ni haki ya kununua chakula cha unga au mchele wa gramu 25. Na haki hiyo haina maana ya kupewa bure: ulitoa hela na kuponi kwa pamoja. Ukiwa na hela bila kuponi, muuzaji alikurudisha. Gramu 25 zilitosha kununulia youtiao mmoja, kipande kirefu cha unga kilichokaangwa kwenye mafuta, ndugu wa andazi letu, ambacho watu wa Shanghai hukila asubuhi. Dola yenye watu mamia ya mamilioni ilikaa ikachora, ikachapa, ikapiga muhuri na kuhesabu kwa ajili ya kitafunwa kimoja.

Mfumo huu ulianzaje? Mwaka 1953 serikali ya Chama cha Kikomunisti ilijitwalia biashara yote ya nafaka: mkulima aliuza kwa serikali kwa bei ya serikali, na mtu wa mjini alinunua kwa serikali. Vitambaa vikaingia kwenye mgawo mwaka 1954, nafaka mwaka 1955. Kila mkazi wa mjini alipangiwa kiasi chake cha mwezi kwa kufuata kazi na umri wake, mbeba mizigo akipata zaidi ya karani, karani zaidi ya mtoto. Kisha Januari 1958 ikaja sheria ya usajili wa kaya, iliyomgawa kila Mchina kuwa mtu wa mjini au mtu wa shamba. Vitu hivi viwili vikisomwa pamoja ndipo unaona kazi halisi ya kuponi. Kuponi za mkoa zilitumika ndani ya mkoa huo tu. Aliyetaka kusafiri nje alihitaji kuponi za taifa zima, na ili apewe alipaswa kuonyesha barua kutoka kazini inayosema anakwenda wapi na kwa nini. Bila barua hakuna kuponi, bila kuponi hakuna bakuli la tambi hata stesheni. Hapakuhitajika kuweka askari kila njia panda. Njaa ilifanya kazi hiyo.

Na mkulima, yule anayeipanda nafaka yenyewe, hakupangiwa mgawo wa kuponi za nafaka. Yeye alikula kinachobaki baada ya serikali kuchukua sehemu yake. Mwaka 1958 ilipotangazwa Hatua Kubwa ya Kusonga Mbele, mpango wa Mao Zedong, kiongozi wa Chama cha Kikomunisti, wa kukuza kilimo na viwanda kwa kasi, viongozi wa vijiji wakashindana kutaja mavuno ambayo hayakuwapo, na serikali ikachukua kwa hesabu za mavuno hayo ya mdomoni. Kati ya 1959 na 1961 watu wa vijijini walikufa kwa njaa kwa mamilioni. Makadirio ya watafiti yanaanzia milioni 15 na kufika milioni 45. Sokoni nimetafuta vitu vya vijijini vya miaka ile mitatu, na ni vichache mno. Utakuta tiketi za bwalo la kijiji za mwaka 1958, zenye michoro ya masuke yaliyojaa, halafu kunakuwa kimya mpaka miaka ya 1960 katikati. Kaya ilikuwa imetoa hata sufuria za chuma zikayeyushwe kwenye matanuru ya uani ili kuongeza chuma cha taifa. Walioishi hawakubaki na cha kuhifadhi. Ndiyo maana nasisitiza kwa wanafunzi kwamba soko lina upendeleo. Linamsema mtu wa mjini, aliyekuwa na kabati. Mtu wa shamba lazima umtafute kwa kuona kisichokuwapo.

Geuzeni kuponi hii nyuma mwone. Imekunjwa mara nne, mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. Imekaa mfukoni muda mrefu bila kutumika, na mwenye nayo alikuwa anaweka akiba. Katika miaka ya 1980 mambo yalipolegea, wakulima walikuja mjini na mayai wakayabadilisha kwa kuponi za nafaka moja kwa moja, kinyume cha sheria, barazani kwa watu. Kuponi ikawa hela. Mwaka 1993 mfumo ukafa, vyakula vikawa vingi sokoni, na mama aliyekuwa ameficha kuponi za kilo mia kwa miaka 20 akaamka nazo zikiwa karatasi tu. Wapo waliozilia, na mimi sishangai hata kidogo.

Kitu cha pili nitakachokaa nacho ni kikombe hiki cha enameli. Kina tarehe, kina maandishi mekundu, na kina picha ya maembe kwenye sahani. Sisi tunaokota maembe chini ya mti, tunayarushia mawe, tunayalia chumvi na pilipili. Beijing ya mwaka 1968 watu wengi hawakuwa wamewahi kuona embe. Msimu huo wa kiangazi Walinzi Wekundu, vijana ambao Mao Zedong mwenyewe aliwachochea mwaka 1966 wawashambulie walimu, viongozi na kila kilicho cha kale, walikuwa wamegawanyika makundi na kupigana wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 27 Julai Mao alituma maelfu ya wafanyakazi wa viwandani kwenye Chuo Kikuu cha Tsinghua wawatulize. Wanafunzi wakawapokea kwa mikuki na mabomu ya kutupa kwa mkono, na wafanyakazi watano wakafa. Siku chache baadaye waziri wa mambo ya nje wa Pakistan alimletea Mao zawadi ya maembe. Mao hakuyala. Tarehe 5 Agosti aliyapeleka kwa wafanyakazi wale wa Tsinghua.

Kila mtu alielewa ujumbe: wanafunzi basi, sasa ni zamu ya wafanyakazi. Kilichofuata ndicho kilichonifanya nikiheshimu kikombe hiki kama hati ya serikali. Maembe yaligawanywa kwa viwanda vikubwa vya Beijing, embe moja kwa kiwanda. Kwingine yalitiwa dawa yasioze. Kwenye kiwanda kimoja embe lilipoanza kuharibika lilichemshwa, na kila mfanyakazi akanywa kijiko cha maji yake. Yalitengenezwa maembe ya nta, yakawekwa kwenye visanduku vya kioo na kupitishwa mitaani kwa maandamano. Zikafuata sinia, vitambaa vya foronya, vioo, beji, hata sigara zenye picha ya embe. Mwanahistoria wa sanaa Alfreda Murck, aliyeishi Beijing miaka mingi, alikusanya vitu hivi vya maembe kutoka masokoni wakati wengine wakiviona takataka, na mwaka 2013 vikaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Rietberg mjini Zurich. Bila yeye na wachache wa aina yake, kisa hiki kingebaki mstari mmoja kwenye vitabu.

Kabla mwaka haujaisha, Desemba 1968, vijana walewale waliokuwa wameushika mji wakaagizwa waende mashambani wakafunzwe na wakulima. Ukijumlisha wote waliopelekwa katika miaka ile, wanafika kama milioni 17. Wengi walikwenda na kikombe kama hiki kwenye mkoba. Hiki changu enameli imebanduka mdomoni, upande mmoja tu, upande wa kulia wa mkono wa kushikia. Embe halikuguswa. Mtu alikuwa ananywea hapo miaka na miaka, na hata alama aliyokuwa akiitazama kila asubuhi ilipokwisha kupoteza maana, hakukitupa kikombe, kwa sababu kilikuwa kikombe.

Beji nitazipita haraka, ingawa ndizo zinazojaa sokoni kuliko kitu kingine chochote. Beji za Mao zilitengenezwa kwa mabilioni ndani ya miaka michache, nyingi za alumini, mpaka inasemekana mwaka 1969 Mao mwenyewe alilalamika, akitaka wamrudishie ndege zake, maana madini ya ndege yalikuwa yanaishia vifuani mwa watu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu: msitazame uso, geuzeni nyuma. Nyuma ndiko lilikoandikwa jina la kiwanda, kikosi au chuo kilichoitengeneza, na mara nyingi mwaka. Mbele kila beji inafanana na nyingine. Nyuma ndiko China ilikogawanyika vipande, kila ofisi ikishindana na jirani yake kuonyesha utiifu.

Kitabu Chekundu, kile kijitabu cha nukuu za Mao, kilichapwa nakala zaidi ya bilioni moja, kwa hiyo bei yake ni ndogo na wakusanyaji wengi hawakitaki. Mimi nakitaka, tena chenye kasoro. Matoleo ya kuanzia mwisho wa 1966 yana utangulizi uliotiwa saini na Lin Biao, waziri wa ulinzi, ambaye mwaka 1969 aliandikwa ndani ya katiba ya chama kuwa mrithi wa Mao. Kila siku watu walimwombea Mao maisha marefu, na kwa pumzi hiyohiyo wakamwombea Lin afya njema. Tarehe 13 Septemba 1971 ndege iliyombeba Lin, mkewe na mwanawe ikaanguka Mongolia, na ikasemwa kwamba alikuwa anatoroka baada ya njama ya kumwua Mao kushindwa. Taarifa haikutangazwa redioni. Iliteremshwa ngazi kwa ngazi, kutoka kwa wakubwa hadi kwa raia, kwa wiki na miezi.

Basi fikirieni mtu wa kawaida mwenye kijitabu hiki, kilichokuwa kinga yake mfukoni, na ghafla ndani yake kuna saini ya msaliti. Nina nakala tatu hapa. Ya kwanza utangulizi umekatwa kwa wembe, sambamba na mshono, kwa uangalifu mkubwa, picha ya Mao ya ukurasa wa jirani haina hata mkwaruzo. Ya pili ukurasa upo, lakini jina, herufi mbili za Kichina, limefukiwa kwa wino mweusi, na wino umepenya hadi upande wa pili. Ya tatu haikuguswa. Aliyekata alitaka kusiwe na ushahidi. Aliyepaka wino alitaka ionekane kwamba amefuta. Na huyu wa tatu sijui alikuwa jasiri, au mzembe, au hakujua kusoma; kitabu hakisemi. Wengi walioishi miaka ile wamesimulia kwamba kifo cha Lin ndicho kilichowatia shaka kwa mara ya kwanza: kama mtu wa pili nchini alikuwa adui siku zote, nani alikuwa anajua nini? Shaka ile haikuandikwa gazetini. Iko hapa, kwenye makali ya wembe.

Kuna vitu ambavyo mimi sivinunui. Nyuma ya mabanda ya vitabu mtakuta majalada ya watu: fomu za asili ya ukoo, zinazosema kama baba alikuwa mwenye shamba au kibarua, ripoti za majirani, na barua za kujikosoa. Niliwahi kusimama nikasoma barua za mtu mmoja, fundi wa kiwandani, makosa yaleyale yaliyorudiwa kwa tarehe tofauti, kila mara barua ikiwa ndefu zaidi na maneno yakiwa makali zaidi dhidi yake mwenyewe, na pembeni mwandiko wa mtu mwingine ukimtaka azame zaidi. Wapo watafiti waliofanya kazi kubwa kwa karatasi za namna hii. Michael Schoenhals wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, ni mmoja wao, na bila kazi hiyo tungejua machache sana kuhusu jinsi dola ilivyowachunguza raia wake, maana hifadhi rasmi za nyaraka kwa sehemu kubwa zimefungwa. Naiheshimu kazi hiyo. Lakini mtafiti hulificha jina, na mkusanyaji anayetundika ukutani halifichi. Fundi yule huenda yu hai, na wanawe bila shaka wako hai. Barua ile niliirudisha kwenye lundo.

Picha ni jambo jingine, na zenyewe hunifurahisha. Mfaransa Thomas Sauvin, kuanzia mwaka 2009, alinunua kwa kilo negativu za picha kutoka kwa mtu aliyekuwa akizikusanya Beijing ili ayeyushe na kutoa madini ya fedha yaliyomo. Ameokoa zaidi ya nusu milioni, nyingi za kati ya 1985 na 2005, yaani tangu kamera ilipoanza kuingia nyumbani kwa mtu wa kawaida hadi kamera za dijitali zilipoiua filamu. Mnamkuta mwanamke amesimama kando ya jokofu jipya, mkono juu ya mlango, amevaa nguo yake ya sikukuu. Baada ya miaka 40 ya kuponi, hilo jokofu lina maneno mengi kuliko hotuba yangu.

Anayetaka kwenda kununua ajue mawili. Sheria ya China hairuhusu kitu chochote cha thamani ya kihistoria cha kabla ya 1911 kutoka nje ya nchi, na baadhi ya vitu vya baada ya hapo vina masharti pia, kwa hiyo bakieni kwenye vitu vya kawaida vya baada ya 1949. Na bandia ni nyingi kuliko halisi. Mabango ya mapinduzi yanachapwa upya kila siku, na karatasi inalowekwa kwenye chai ili ionekane kongwe. Saa ya mezani yenye msichana wa Walinzi Wekundu anayepunga kitabu mkono wake ukienda na sekunde, nyingi mtakazoziona ni za juzijuzi. Hapo tena dawa ni kutazama uchakavu. Uchakavu wa kweli hukaa pale mkono, mdomo au jasho lilipogusa. Uchakavu wa uongo umeenea kila mahali sawasawa.

Nimebakiza jambo moja, nalo linatuhusu sisi hapa Dar es Salaam. Radio Peking ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1961. Kitabu Chekundu kilitafsiriwa kwa Kiswahili, kikachapwa Beijing na kusafirishwa hadi kwetu. Lakini nyaraka kubwa zaidi ziko majikoni. Mwaka 1967 Tanzania, Zambia na China zilitia saini makubaliano ya reli ambayo sisi tunaiita TAZARA, kilomita 1,860 kutoka hapa hadi Kapiri Mposhi. Ujenzi ulianza 1970, na reli ikakabidhiwa Julai 1976. Mkopo haukuwa na riba. Fedha za kulipia mishahara ya vibarua wetu na gharama nyingine za ndani zilipatikana kwa njia ambayo vijana wengi hawaijui: China ilileta bidhaa, zikauzwa kwenye maduka yetu, na mauzo hayo yakalipa. Bidhaa za Kichina zilizojaa madukani miaka ile, vitambaa, vyombo vya nyumbani, ndizo zilizokuwa zikilaza mataruma.

Na kule kwao, miaka hiyohiyo, Mchina alihitaji kuponi ili apate kitambaa cha shati. Baiskeli ya Phoenix kutoka Shanghai, ambayo wengi wenu mmebebwa kwenye keria yake, Mchina aliisubiri miaka na akaiombea kibali kazini. Kwenye makaburi ya Gongo la Mboto wamelala Wachina zaidi ya 60 waliofia huku. Sisemi haya ili tulie deni. Nasema kwa sababu beseni lililoko uvunguni mwa kitanda cha bibi yako na kuponi hii ya gramu 25 ni kurasa za daftari moja la hesabu, na hakuna aliyeziweka pamoja.

Kwa hiyo nina ombi. Wenye vitu vya miaka ile nyumbani, chupa ya chai, beseni, kadi ya kibarua wa reli, picha na mtaalamu wa Kichina, msikisugue kikang'aa na msikipake rangi. Kaeni na mzee aliyekitumia mmuulize kilinunuliwa wapi, mwaka gani, kwa shilingi ngapi na nani alikitumia. Andikeni kwenye karatasi, kwa penseli, maana wino hufifia na hutoboa, kisha karatasi ikae pamoja na kitu chenyewe. Mkiniruhusu nitakuja kukipiga picha. Sihitaji kukinunua.

Vitu hivi vipo mezani, karibuni mvishike, ila kuponi zibaki ndani ya plastiki. Nimeona pale mbele kuna mzee aliyefanya kazi ya reli Mlimba, basi maswali tuanze naye.